London Eye: gurudumu lililopewa miaka mitano tu

Leo naweka kando mambo ya programu na simu. Nataka tuzungumze juu ya gurudumu moja kubwa sana, lile linaloitwa London Eye, lililosimama kando ya mto Thames katikati ya jiji la London. Mnalijua hata kama hamjafika huko, kwa sababu mwaka mpya unapoingia televisheni hutuonyesha fataki zikiwaka kulizunguka. Urefu wake ni mita 135. Ukilisimamisha kando ya jumba letu la KICC pale Nairobi, gurudumu litalipita jumba kwa karibu mita 30.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gurudumu hilo halikujengwa ili likae. Wenyewe walipopewa ruhusa ya kulijenga waliambiwa ni miaka mitano, kisha waling'oe. Lilianza kubeba abiria Machi 2000. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2005 lilipaswa kuwa limeshaondoka. Mpaka leo lipo.

Sasa mtazame babu yake, gurudumu la kwanza kubwa la chuma, lililojengwa Chicago mwaka 1893. Lile lilikuwa kazi ya mhandisi hodari, lilibeba zaidi ya watu milioni moja, na halikuanguka. Lakini lilipofikisha umri wa miaka 13 lililipuliwa kwa baruti na kugeuzwa vyuma chakavu.

Kwa nini la London likaishi na la Chicago likafa? Swali hili limenikaa kichwani kwa sababu linagusa kazi yangu. Mimi naandika programu kwa riziki, na katika kazi hii nimeona vitu vilivyofanywa haraka haraka vikiishi miaka, na vitu vizuri vikifa mapema. Haya, tuanze mwanzo kabisa.

Gurudumu la kuwapandisha watu kwa starehe si jambo jipya. Mwaka 1620 msafiri Mwingereza aitwaye Peter Mundy aliyaona magurudumu ya mbao katika mji mmoja wa Bulgaria ya leo, wakati huo ukiwa chini ya Waturuki. Watu walikaa kwenye viti na wanaume wenye nguvu wakaliviringisha kwa mikono. Kwa hiyo wazo lilikuwepo zamani. Lililokosekana ni chuma, injini, na mtu mwenye moyo wa kulifanya liwe kubwa kama mnara.

Mnara wenyewe ndio ulioleta uchokozi. Mwaka 1889 Wafaransa walifanya maonyesho makubwa Paris na kusimamisha mnara wa Eiffel, wenye urefu wa mita 300. Dunia nzima ikashangaa. Wamarekani nao walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho yao ya mwaka 1893 huko Chicago, ya kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike upande ule wa dunia. Msimamizi wa ujenzi, Daniel Burnham, aliwataka wahandisi wa Marekani walete kitu cha kumshinda Eiffel. Wengi wakaja na minara, yaani kitu kile kile ila kirefu zaidi.

George Washington Gale Ferris yeye alikuja na gurudumu. Alikuwa kijana wa miaka 33, mwenye kampuni mjini Pittsburgh iliyokagua vyuma vya madaraja na reli. Yaani kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima chuma cha watu wengine na kusema kama kitabeba mzigo au hakitabeba. Wakubwa wa maonyesho walipouona mchoro wake waliogopa. Waliona kitu chembamba mno, ambacho upepo wa ziwa Michigan ungekivunja. Ruhusa ya mwisho aliipata Desemba 1892, na fedha za kujenga alitakiwa azitafute mwenyewe kwa wawekezaji. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe tarehe 1 Mei 1893. Hesabu mwenyewe miezi iliyobaki. Tena ilikuwa katikati ya baridi kali, ardhi imeganda, hata ikabidi waiyeyushe kwa mvuke ndipo waweze kuchimba msingi.

Lilifunguliwa tarehe 21 Juni, likiwa limechelewa wiki saba. Wenzangu waandishi wa programu mtacheka hapo. Kumbe ugonjwa huu wa kuchelewesha kazi si wetu peke yetu.

Lakini lilipoanza kuzunguka, lilizunguka kweli. Urefu wake ulikuwa karibu mita 80. Lilikuwa na vyumba 36 na kila kimoja kilichukua watu 60, kwa hiyo likijaa lilibeba watu 2,160 kwa mara moja. Ekseli yake ilikuwa kipande kimoja cha chuma chenye uzito wa tani 40 hivi, kilichofuliwa na kampuni ya Bethlehem Iron huko Pennsylvania. Wakati huo hapakuwa na kipande cha chuma cha pua kikubwa kuliko hicho kilichowahi kufuliwa duniani. Lilisukumwa na injini ya mvuke yenye nguvu za farasi 1,000, na nyingine ya aina hiyo hiyo ikawekwa pembeni ya akiba. Tikiti ilikuwa senti 50, sawa na kiingilio cha maonyesho yote, lakini watu walilipa bila kusita.

Ngoja nieleze kidogo jinsi linavyosimama, kwa sababu ujanja huo ndio uliotumika tena London zaidi ya miaka mia moja baadaye. Chukua baiskeli, hii ya kawaida ya mama wa sokoni au ya kubebea mitungi ya maji. Tazama zile spoki. Ni nyembamba kiasi kwamba ukiishika moja utaipinda kwa vidole. Inawezekanaje zibebe mtu na gunia la viazi juu yake? Jibu ni kwamba kila spoki imekazwa, inavuta. Zote zinavutana kutoka kila upande, na kule kuvutana ndiko kunakoifanya rimu ibaki duara. Waya ni dhaifu ukiusukuma, lakini ni hodari sana ukiuvuta. Ferris alifanya vivyo hivyo kwa fito za chuma badala ya mihimili minene. Ndiyo maana gurudumu lilionekana jembamba, na ndiyo maana halikuhitaji chuma kingi kama walivyodhani wale walioogopa.

Sasa tufike kwenye huzuni. Maonyesho yalifungwa mwisho wa Oktoba 1893 na gurudumu likabaki limesimama mahali ambapo sherehe imekwisha. Ugomvi wa kugawana mapato na wakuu wa maonyesho ukaenda mahakamani. William Somers, fundi aliyekuwa na magurudumu yake ya mbao huko Atlantic City na hataza mkononi, naye akamshtaki Ferris. Gurudumu likafunguliwa vipande vipande na mwaka 1895 likasimamishwa tena upande wa kaskazini wa Chicago, karibu na bustani ya Lincoln. Majirani hawakulitaka. Watu wa kupanda walikuwa wachache. Madeni yakapanda. Novemba 1896 Ferris akafa kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 37.

Gurudumu liliishi baada yake kama yatima. Mwaka 1903 likauzwa kwa mnada, na mwaka 1904 likapelekwa St. Louis kwenye maonyesho mengine. Yakaisha nayo. Tarehe 11 Mei 1906 wakalitegea baruti.

Angalieni vizuri hapa. Hesabu za Ferris hazikuwa na kosa. Kitu kile kilifunguliwa na kuunganishwa upya mara mbili na bado kikafanya kazi. Kilichokosekana ni mahali pa kukaa, mtu wa kulipa gharama zake, na sababu ya kuwepo baada ya sherehe.

Wakati huo huo ng'ambo ya bahari Waingereza walikuwa wameshaiga. Walter Bassett, mwanamaji mstaafu aliyekuwa mhandisi, alijenga manne: London kwenye uwanja wa Earl's Court mwaka 1895, Blackpool mwaka 1896, Vienna mwaka 1897, na Paris kwa maonyesho ya mwaka 1900. Mmoja wa wahandisi wake aliitwa Hubert Cecil Booth, ambaye mwaka 1901 alibuni mashine ya injini ya kunyonya vumbi. Kwa hiyo mkipiga usafi wa kapeti nyumbani, mkumbuke kwamba mashine hiyo na magurudumu haya vimepita mikono ya mtu mmoja.

La Earl's Court lilikuwa na urefu wa mita 94. Mei 1896 liligoma, na abiria wakalala juu usiku kucha. Asubuhi waliposhushwa kila mmoja alipewa pauni 5, fedha nyingi kwa siku hizo. Kesho yake watu walipanga foleni kubwa, wakiomba ligome tena! Hata hivyo nalo halikufika mbali. Liliacha kazi mwaka 1906 na kubomolewa 1907. La Paris vyumba vyake viling'olewa vikawa makao ya familia za kaskazini mwa Ufaransa zilizopoteza nyumba katika vita ya kwanza ya dunia, na gurudumu lenyewe halikurudi tena kwenye fahari yake.

Kati ya yote manne lililobaki ni la Vienna, na lilibaki kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1916 ilitolewa ruhusa ya kulibomoa. Halikubomolewa kwa sababu hapakuwa na fedha za kulibomolea. Hivyo tu. Mwaka 1919 mfanyabiashara aitwaye Eduard Steiner alilinunua kwa nia ya kuuza vyuma vyake, kisha akaona afadhali alikodishe liendelee kuzunguka. Hapo kicheko kinakwisha. Steiner alikuwa Myahudi. Manazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 walimnyang'anya mali yake, na mwaka 1944 wakamwua Auschwitz. Mwaka huo huo gurudumu liliungua. Vita vilipokwisha watu wa Vienna walilikarabati, na mwaka 1947 likaanza kuzunguka tena likiwa na vyumba 15 badala ya 30 vya mwanzo. Hadi leo, ukifika bustani ya Prater, utaona nafasi tupu kati ya chumba na chumba. Ni kama kinywa chenye mapengo, na mapengo yale yana historia.

Na mnara wa Eiffel, mchokozi wetu wa kwanza? Nao ulikuwa wa muda. Ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20, kwa hiyo mwaka 1909 ungeweza kuvunjwa. Uliokolewa na teknolojia. Gustave Eiffel aliusaidia mnara wake utafute kazi: vipimo vya hali ya hewa, majaribio ya upepo, na hasa simu isiyo na waya, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Jeshi la Ufaransa lilipoona kwamba antena juu ya mnara ule inafikisha habari mbali, hakuna aliyetaka tena kuuangusha. Ferris alipata wazo zuri sawa na Eiffel, lakini gurudumu huwezi kulifanya antena.

Haya, sasa turudi London. Mwaka 1993 gazeti la The Sunday Times pamoja na taasisi ya Architecture Foundation walitangaza shindano la kubuni alama ya jiji kwa ajili ya mwaka 2000. Wasanifu wawili, mume na mke, David Marks na Julia Barfield, wakapeleka mchoro wa gurudumu. Hawakushinda. Kwa kweli hakuna aliyeshinda, waandaaji waliona hakuna mchoro uliofaa, na shindano likaisha hivyo hivyo.

Wengi wetu tungeikunja karatasi na kuendelea na maisha. Hawa wawili waliamua kwamba wazo ni lao na hawahitaji shindano. Wakaunda kampuni, wakatafuta kiwanja kando ya mto, wakaenda kugonga milango ya halmashauri na ya wenye fedha. Gazeti la Evening Standard likawapigia debe, na shirika la ndege la British Airways likakubali kuwadhamini. Halmashauri ya Lambeth ikatoa ruhusa, kwa sharti lile la miaka mitano.

Kazi yenyewe ilitoka nchi nyingi. Kitovu na ekseli vilitengenezwa na Škoda huko Ucheki, rimu ilitoka Uholanzi, kebo Italia, vyumba vya vioo Ufaransa, beringi Ujerumani. Rimu iliunganishwa ikiwa imelazwa juu ya majukwaa yaliyoelea mtoni, halafu ikainuliwa taratibu kama mtu anayeamshwa kitandani. Jaribio la kwanza la kuinua, Septemba 1999, lilikwama baada ya kebo kuchomoka. Mwenye kampuni pinzani ya ndege, Richard Branson, akarusha puto kubwa juu ya eneo lile lenye maneno ya kuwacheka British Airways. Oktoba likasimama. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 waziri mkuu Tony Blair akalizindua mbele ya umati, lakini bila abiria hata mmoja, kwa sababu kulikuwa na hitilafu kwenye chumba kimoja. Abiria wa kwanza wa kulipa walisubiri hadi Machi. Uzinduzi kabla bidhaa haijawa tayari, hilo nalo si jambo la Nairobi peke yake.

Mimi nililipanda mwaka 2018, nilipokwenda London kikazi kwa siku chache. Mwenyeji wangu, Mkenya mwenzetu aliyekaa huko miaka mingi, alinicheka. "Ndugu yangu, hiyo ni ya watalii. Mimi niko hapa mwaka wa kumi na tano na sijaipanda." Nikamwambia basi leo utaipanda, na akalipa tikiti yake akinung'unika.

Ukikaribia, kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba gurudumu limeshikwa upande mmoja tu. Miguu yake miwili imesimama nchi kavu kama herufi A, na gurudumu lote linaning'inia juu ya maji. Ukiinua macho unaona kebo, nyembamba, zimekazwa kutoka kitovuni hadi kwenye rimu. Ni spoki za baiskeli zile zile. Chini kuna matairi ya mpira, kama ya lori, yanayoibana rimu na kuizungusha. Nilitarajia kuona gia kubwa za ajabu, kumbe ni matairi.

Halisimami kuchukua watu, isipokuwa pale ambapo mzee au mwenye ulemavu anahitaji msaada. Linakwenda sentimita 26 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea kwa kujikokota, kwa hiyo unapanda likitembea. Kila chumba kina uzito wa tani 10 na huchukua watu 25. Vyumba ni 32, namba tunayoipenda sisi watu wa kompyuta, lakini vimeandikwa 1 hadi 33, kwa sababu wameiruka 13 kwa kuogopa mkosi. Mwenzangu aliniuliza kama katika programu zetu pia tunairuka 13. Nikamwambia sisi hata kuhesabu tunaanza na sifuri.

Mzunguko mmoja ni nusu saa. Nilidhani tutayumba, lakini chumba kinabaki wima wakati wote. Hakining'inii kama vile viti vya pembea za Idi kule pwani. Kimeshikwa na pete mbili kubwa upande wa nje wa rimu, na mota za umeme zinakirekebisha kila mara kwa kufuata vihisio vinavyopima mwinamo. Yaani chini ya sakafu kuna programu ndogo inayojiuliza bila kuchoka, "Niko sawa? Niko sawa?" na kusahihisha. Nilimweleza mwenzangu hivyo akasema afadhali ningenyamaza.

Tulipofika juu kabisa tuliona Bunge na saa yake ya Big Ben kama vitu vya kuchezea, reli zikiingia stesheni ya Waterloo, na kuba la kanisa la St Paul's upande wa mashariki. Mwenzangu alikuwa ameacha kunung'unika. Alikuwa anatafuta mtaa wake.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa chini yetu. Pale penye bustani ya Jubilee, kando ya gurudumu, mwaka 1951 Waingereza walifanya tamasha kubwa la taifa ili wajipe moyo baada ya vita. Walijenga kuba kubwa lililoitwa Dome of Discovery na mnara mwembamba ulioitwa Skylon, uliokuwa kama umeelea hewani kwa kebo tu. Watu waliupenda sana. Mwaka 1952 vyote viwili vilikuwa vimevunjwa. Kwa hiyo ardhi ile ile ilishawahi kuona alama nzuri ya kebo ikiuzwa kama chuma chakavu. London Eye lingeweza kuwa la pili.

Na lilikaribia. Mnamo Mei 2005, mwaka ule wa mwisho wa ruhusa ya kwanza, zikatoka habari kwamba kituo cha sanaa cha South Bank, chenye kipande cha ardhi kinachoshikilia sehemu ya gurudumu, kimewapa notisi ya kuondoka. Walitaka kodi ipande kutoka pauni 64,000 hivi hadi pauni milioni 1 kwa mwaka. Fikiria hapo. Gurudumu linalopandwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, linaloonekana kwenye kila kadi ya posta, na hatima yake iko kwenye karatasi ya kukodi kiwanja. Mabishano yalikwenda hadi Februari 2006, wakakubaliana mkataba wa miaka 25 kwa kodi isiyopungua pauni 500,000 kwa mwaka. Ruhusa nayo ilirefushwa, na mwaka 2024 halmashauri ya Lambeth ikakubali libaki kwa kudumu. David Marks alifariki mwaka 2017, kwa hiyo hakuiona siku hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halitangazwi sana. Kati ya mwaka 2009 na 2012 vyumba vyote 32 viliondolewa kimoja kimoja, vikapelekwa kukarabatiwa na kurudishwa, huku gurudumu likiendelea kubeba watu. Kwa lugha yetu ni kubadilisha sehemu za mfumo bila kuzima seva. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu anachopanga kukitupa.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. New York walipanga gurudumu la mita 192 huko Staten Island, wakaanza kazi, na mwaka 2018 mradi ukafutwa baada ya ugomvi wa fedha na mkandarasi. Dubai walifungua refu kuliko yote, mita 250, Oktoba 2021. Miezi mitano baadaye likasimama, na halikuzunguka tena na abiria hadi Desemba 2024. Urefu haukulisaidia.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Miaka ya nyuma chama kimoja cha ushirika kiliniomba niandike programu ndogo ya kuweka hesabu za maziwa, ya miezi miwili tu, mpaka "mfumo wenyewe" ufike. Mfumo wenyewe haukufika. Ile ndogo iliendelea miaka na miaka, kwa sababu karani mmoja aliipenda, akainakili kila Ijumaa, na kila kitu kilipoharibika alinipigia simu na chama kikanilipa nauli. Nilishiriki pia katika mfumo mwingine, wa ofisi ambayo sitaitaja, ulioandikwa na watu sita kwa uangalifu mkubwa. Ulizinduliwa kwa hema, hotuba na soda. Bajeti ya mwaka wa pili haikuwa na shilingi hata moja ya kuutunza. Haukufikisha miaka miwili. Msimbo wake ulikuwa safi kama hesabu za Ferris.

Tangu nisome habari za magurudumu haya, mtu akiniletea mradi namuuliza mambo matatu kabla sijafungua kompyuta. Kiwanja ni cha nani, yaani seva na jina la tovuti vimeandikishwa kwa nani? Nani atalipa ukarabati wa mwaka wa tatu? Na hiki kitu kitafanya kazi gani baada ya sherehe ya uzinduzi? Wapo waliokasirika na kwenda kwa mtu mwingine. Wapo pia waliorudi wiki mbili baadaye na majibu, na hao ndio ambao kazi zao bado ziko hai.

Ukipata nafasi ya kufika London, lipande, hata kama wenyeji watakucheka. Ukiwa chini, kabla ya kupanda, tafuta yale matairi. Na ukifika Vienna, hesabu mapengo.

Kwa leo niishie hapo. Tukutane wakati mwingine, nitarudi kwenye programu zetu.